Shamba la Nabothi na Upanga wa Yehu

Somo: 1 Wafalme 21:1-24, 2 Wafalme 10:1-31, Hosea 1:4



Wapendwa, wiki hizi vijana wetu wamenijia wawili wawili. Wengine wananingoja mlangoni baada ya ibada, wengine wanapiga simu usiku, na swali lao ni moja: "Pasta, mtu aliyeokoka anaweza kuingia barabarani kuipinga serikali?" Wazazi nao wanakuja kwa mlango ule mwingine: "Pasta, tafadhali mwambie huyu mtoto akae nyumbani." Tangu Juni 2024, vijana walipotoka kuupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wengine wakaingia mpaka ndani ya Bunge, swali hili halijatoka katika kanisa letu. Si swali la mzaha. Ziko nyumba katika nchi hii ambazo mtoto aliaga asubuhi na jioni hakurudi.

Kuna njia rahisi ya kulijibu. Ningesoma Warumi 13, niseme tuitii mamlaka, tufunge na maombi, twende tukanywe chai. Au ningesoma Kutoka, nimtaje Farao, niwaambie vijana wasonge mbele. Zote ziko katika Biblia. Lakini Biblia ina hadithi moja ambayo inaliingilia swali hili kutoka pande zote, na ninaomba leo tuisome mpaka mwisho wake. Wengi wetu huwa tunaishia katikati.

Mnaijua. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu Yezreeli, karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme akalitaka ili alifanye bustani ya mboga. Fikiria hilo: urithi wa mababu wa mtu mzima, mfalme apate mahali pa kupanda mboga! Nabothi akakataa, kwa sababu sheria ya Mungu ilikataza urithi wa ukoo kuuzwa hivi hivi. Ahabu akaenda akalala, akageuza uso wake, akakataa chakula. Ndipo mkewe Yezebeli akasema, hilo niachie mimi.

Sasa hebu angalieni vile Yezebeli alifanya. Hakutuma askari. Alitangaza mfungo. Soma aya ya 9. Aliandika barua kwa wazee wa mji, kwa muhuri wa mfalme, akawaambia wakusanye watu wafunge, Nabothi akaketishwe mbele, halafu mashahidi wawili wa uongo wasimame waseme amemtukana Mungu na mfalme. Na wazee wakafanya vile vile walivyoandikiwa. Nabothi alishtakiwa katika mkutano wa dini, kisha akapigwa mawe. Kama kulikuwa na nyimbo siku ile, ziliimbwa. Kama kulikuwa na mtu wa kufungua kwa maombi, alifungua.

Mtu wa kwanza ninayetaka tumwangalie leo, basi, ni mzee wa Yezreeli. Hatujui hata jina lake. Alimjua Nabothi, walikua pamoja, pengine watoto wao walicheza pamoja. Lakini barua ilikuwa na muhuri, na muhuri ulikuwa wa ikulu.

Kanisa limewahi kuwa mzee wa Yezreeli. Nitawapa mfano ambao si wa hapa kwetu, ili kila mtu asikilize bila kutafuta ni nani anayesemwa.

Kusini mwa Malawi kuna mahali panaitwa Magomero. Mwaka 1861 wamisionari wa Kianglikana, wakiongozwa na Askofu Charles Mackenzie na kusindikizwa na David Livingstone mwenyewe, walifika sehemu zile. Njiani walikutana na msafara wa watumwa, wamefungwa panda shingoni, wakawafungua. Wakakaa nao Magomero, wakaanza misheni pale. Mambo hayakwenda vizuri. Waliingia katika vita vya wenyeji, homa ikawaua, na askofu mwenyewe akafa Januari 1862. Waliobaki wakaihamisha misheni, na mwaka 1864 ikaanza upya Unguja. Ni katika misheni hiyo hiyo Edward Steere alikaa chini akajifunza Kiswahili, akatafsiri Maandiko, na kanisa kuu likajengwa Mkunazini, juu ya mahali palipokuwa soko la watumwa. Kwa hiyo ukiisoma Injili kwa Kiswahili leo, kuna uzi mmoja unaotoka katika mkono wako mpaka Magomero. Ni historia njema hiyo. Amina?

Lakini subiri. Baadaye ardhi ile ya Magomero ilikuja kuwa mali ya Alexander Low Bruce, mkwe wa Livingstone, kisha ya wanawe. Wajukuu wa yule aliyewafungua watumwa! Na watu waliokuwa wakiishi katika shamba lile walilipa kodi ya kukaa kwa kufanya kazi. Mpango ule uliitwa thangata. Kwa lugha ya huko neno hilo lina maana ya kusaidia. Mvua ikinyesha, wakati mama anataka kupanda mahindi yake, ndipo anaitwa akasaidie katika pamba ya bwana shamba. Juu yake kuna kodi ya nyumba ya serikali. Juu yake kuna kiboko. Meneja wa shamba aliitwa William Jervis Livingstone, na watu walipojijengea vijumba vya ibada katika ardhi ile, alivichoma moto.

Mahali pamoja, wapendwa. Baba wa imani alifungua minyororo, na miaka kama hamsini baadaye jina lile lile la Livingstone linachoma nyumba za ibada. Ninasema hivi kwa sababu tuna tabia ya kujificha nyuma ya mambo mema yaliyofanywa na waliotutangulia. Kanisa letu lilileta shule, lilileta hospitali, na ni kweli. Lakini Nabothi wa leo hawezi kuishi kwa ushuhuda wa mwaka 1861.

Mtu wa pili ni Yehu, na hapa ndipo wengi hufunga Biblia mapema.

Damu ya Nabothi ililia miaka mingi. Halafu nabii Elisha akatuma kijana mmoja akampake mafuta Yehu, jemadari wa jeshi, ili aiangamize nyumba ya Ahabu. Yehu alikuja kwa gari akiendesha kwa kasi. Akamuua mfalme Yoramu, mwana wa Ahabu, na kuagiza mwili utupwe katika shamba lile lile la Nabothi. Unasoma unasema, haleluya, Mungu hajasahau! Na ni kweli hajasahau. Lakini endelea. Yehu akaandika barua kwa wakuu wa mji, nao wakawachinja wana sabini wa Ahabu, wakatia vichwa katika vikapu, wakampelekea. Akaagiza vipangwe mafungu mawili langoni mpaka asubuhi. Ona, hata hapa ni barua na wazee. Wazee wale wale wa kuogopa muhuri. Jana walimuua Nabothi kwa ajili ya Ahabu, leo wanaua nyumba ya Ahabu kwa ajili ya Yehu.

Turudi Magomero. Karibu na shamba lile, Chiradzulu, alikuwako mhubiri mmoja Mwafrika, John Chilembwe. Ujanani alikuwa na mmisionari Joseph Booth, aliyefundisha waziwazi kwamba Afrika ni ya Waafrika, na mwaka 1897 walikwenda pamoja Marekani. Chilembwe akasoma chuo cha kanisa la Wabaptisti weusi huko Virginia, akawekewa mikono, akarudi mwaka 1900 kuanzisha Providence Industrial Mission. Weusi wenzake wa Marekani walimtegemeza na kutuma wamisionari wamsaidie. Akajenga shule. Akawafundisha watu kushona, kulima, kuvaa kwa heshima. Akajenga kanisa kubwa la matofali. Huyu hakuwa mtu wa fujo. Kwa zaidi ya miaka kumi alijenga tu.

Vita vya 1914 vilipoanza, vijana wa Nyasaland wakapelekwa kupigana na Wajerumani, wakafa huko Karonga. Chilembwe aliandika barua kwa gazeti akiuliza kwa nini Mwafrika aitwe kufa katika vita ambavyo si vyake, wakati siku za amani hakumbukwi kwa lolote. Barua ile ilizuiwa isiwafikie wasomaji. Msisahau hilo. Mtu alisema kwa kalamu kwanza.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 23 Januari 1915, watu wake walivamia Magomero. Walimuua meneja Livingstone ndani ya nyumba yake, mke na watoto wakiwapo, wakamkata kichwa. Watu weupe watatu walikufa katika maasi yale. Wanawake na watoto wa Wazungu hawakuguswa, kwa sababu Chilembwe alikuwa amewakataza, na wakarudishwa salama. Tumpe haki yake hapo. Lakini Jumapili asubuhi Chilembwe aliongoza ibada katika kanisa lile zuri la matofali, na kichwa cha yule mtu kikiwa juu ya mti ndani ya kanisa.

Nimetafakari picha hiyo kwa muda mrefu. Mimi ninasimama katika madhabahu kila Jumapili. Mtu aliyefundisha Injili miaka kumi na tano, ambaye malalamiko yake yalikuwa ya haki kabisa, amesimama anahubiri, na macho ya watu hayawezi kumtazama yeye. Yanatazama kile kichwa. Siku chache baadaye kundi la wapiganaji lilichoma misheni ya Kikatoliki ya Nguludi, padri akajeruhiwa, na msichana mdogo akafia ndani ya moto ule. Yule mtoto alikuwa amechukua shamba la nani?

Serikali ikajibu vile serikali hujibu. Chilembwe akapigwa risasi tarehe 3 Februari akielekea mpaka wa Msumbiji. Watu wapatao 40 wakauawa kwa hukumu, wapatao 300 wakafungwa. Kanisa la matofali likalipuliwa kwa baruti. Thangata? Thangata iliendelea miaka mingi baada yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mtu asitoke hapa akasema pasta amewatukana mashujaa. Malawi humkumbuka Chilembwe kila tarehe 15 Januari, ni sikukuu ya taifa, na sura yake imo katika noti zao. Hata tume ya serikali ile ile ya kikoloni iliyochunguza maasi yale ilikiri kwamba watu wa Magomero walikuwa wakitendewa vibaya. Na Biblia pia haimfanyi Yehu kuwa mwovu tu. 2 Wafalme 10:30, Mungu anamwambia ametenda vema kwa habari ya nyumba ya Ahabu. Lakini geuza mpaka Hosea 1:4. Mungu yule yule anasema ataipatiliza nyumba ya Yehu kwa ajili ya damu ya Yezreeli. Ninyi wa darasa la Biblia, mnisaidie: Mungu amejipinga? Hapana. Alimtuma kuhukumu uovu, na Yehu akaupenda upanga. Damu ilimwagika zaidi ya neno alilopewa. Na aya ya 31 inatupa siri yake: hakuangalia kwenda katika sheria ya Mungu kwa moyo wake wote. Wale ndama wa dhahabu wa Betheli na Dani aliwaacha wakae.

Vijana, hiyo aya ni yenu. Unaweza kuondoa Ahabu na ubaki na ndama. Sisi Wakenya tunajua. Tumebadilisha serikali mara ngapi kwa kura, tukashangilia, tukacheza barabarani, na mwaka haujaisha tunaulizana ni kabila gani limepewa nini. Ndama wa ukabila yuko pale pale. Ndama wa kitu kidogo yuko pale pale. Kijana anayepiga kelele barabarani mchana na jioni anamlipa mtu amwingize katika orodha ya kazi, huyo anaendesha gari la Yehu.

Mtu wa tatu ni Eliya. Sura ya 21, aya ya 17 na kuendelea. Neno la Bwana likamjia Eliya Mtishbi: ondoka, ushuke umkute Ahabu. Yuko wapi? Yuko katika shamba la Nabothi. Angalia Mungu anamtuma wapi. Hakumwambia aende hekaluni akaombe juu ya hali ya taifa. Hakumwambia aende ikulu kwa chakula cha mchana. Alimtuma shambani, penye damu, ana kwa ana na mwenye kosa, akalitaja kosa kwa jina lake: umeua na umetwaa. Mikono yake haikuwa na upanga. Ahabu akararua nguo zake akajinyenyekeza. Mfalme aliyeshindwa na Nabothi, aliyeshindwa na mke, akanyenyekezwa na mtu mmoja aliyesema kweli mahali palipostahili.

Kenya imewahi kuwa na watu wa namna hiyo. Tarehe 1 Januari 1990, Mchungaji Timothy Njoya alihubiri akitaka mfumo wa chama kimoja ukome. Alikashifiwa kila upande. Desemba 1991 kifungu kile cha Katiba kiliondolewa. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alisema juu ya unyakuzi wa ardhi wakati kusema kulikuwa hatari. Agosti 1990 alitishwa na waziri asikanyage Busia. Akaenda, akahudumu, na njiani akirudi akafa katika ajali ya barabara. Na nyuma zaidi, pale Murang'a kuna kanisa kuu lililojengwa kwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa miaka ya dharura, wengi wao kwa kukataa kiapo. Wapiganaji wenyewe nao, wengi walifundishwa kusoma katika shule za misheni, na walichotaka ni ardhi ya baba zao. Katika kanisa hili tuna wajukuu wa pande zote mbili, wanaketi benchi moja. Hatuna ruhusa ya kusimulia hadithi hii kama ni ya watu wengine.

Kwa hiyo jibu langu ni lipi?

Kijana, kusema kweli mbele ya mwenye mamlaka si dhambi. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inakupa haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha, na Eliya anakuonyesha vile mtu wa Mungu husimama shambani. Ukienda, enda na mikono mitupu. Usiguse duka la mtu, kwa sababu mwenye duka ni Nabothi pia. Siku utakayoona mwenzako amebeba jiwe, wewe toka. Na siku utakayojisikia unafurahia kuona mtu analia, hata kama ni polisi, ujue umeshaingia katika gari la Yehu. Rudi nyumbani uombe.

Mzazi, ninajua hofu yako. Nami ni mzazi. Mwombee mtoto, mshauri, mkataze pale unapoona hatari. Lakini usimwambie kwamba mambo ya nchi si ya Mungu. Hilo si kweli, naye atalijua siku moja kwamba si kweli, na siku hiyo ataiacha imani yako pamoja nalo.

Na sisi watumishi, neno la mwisho ni letu. Mheshimiwa akija Jumapili na bahasha, kamera ikiwa mbele, tukumbuke wazee wa Yezreeli. Hawakumchukia Nabothi. Waliipokea tu barua. Mimi nimesema na wazee wa kanisa hili, na tumekubaliana: mwanasiasa anakaribishwa kuabudu kama mtu mwingine yeyote, atakaa penye nafasi, na kipaza sauti hatapewa. Akitaka kutoa sadaka, kapu linapita kwake kama linavyopita kwa mama mboga. Paa letu halijaisha na mnajua mahali maji yanapoingia. Ni heri litungoje.

Nilisema tusome mpaka mwisho, na ile habari ya Chilembwe pia ina mwisho. Kulikuwa na kijana wa pale Chiradzulu, Daniel Malekebu, aliyesoma katika misheni ile kisha akaenda Marekani akawa daktari. Kanisa lilipolipuliwa yeye alikuwa mbali. Mwaka 1926 aliruhusiwa kuifungua misheni tena. Alirudi na dawa, na shule, na Injili ile ile, katika uwanja uliokuwa na mawe matupu. Hakumkana mwalimu wake, wala hakurudisha kile kichwa juu ya mti. Misheni ile ipo mpaka leo.

Bwana atupe kina Eliya wa kusema na kina Malekebu wa kujenga. Simama tuombe.

Baba, tunawaleta mbele zako wazazi ambao watoto wao hawakurudi. Usisahau damu ya Nabothi. Walinde vijana wetu na risasi, uilinde na mioyo yao na chuki. Wape walio katika mamlaka hofu ile iliyomfanya Ahabu ararue nguo zake. Na sisi kanisa, barua yenye muhuri ikija, tupe mkono wa kuirudisha. Katika jina la Yesu. Amina.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani wiki hii:

1. Soma 1 Wafalme 21:8-14. Wazee wa mji wangeweza kufanya nini tofauti, na wangepoteza nini?
2. Ni ndama gani ambaye sisi wenyewe, katika nyumba zetu, tunamwacha akae?
3. Nani Nabothi katika mtaa wenu? Mmewahi kumtembelea?